Kaimu wa Miaka Mitatu: Bodi Ilikuwa Wapi?

Neno 'kaimu' tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kusimama. Kaimu ni mtu aliyesimama mahali pa mwingine. Ndani ya maana hiyo mna mambo mawili ambayo aghalabu huyasahau wanaolitumia neno hili ofisini: kwanza, kwamba mahali pale pana mwenyewe; pili, kwamba mwenyewe hayupo kwa muda tu, na kama hatarudi basi mwingine yu njiani. Kaimu asiye na mwisho anakwenda kinyume cha neno lenyewe. Hata hivyo tumezoea kusoma magazetini habari za kaimu mkurugenzi aliyekaimu mwaka mzima, akaondoka, na mahali pake akaingia kaimu mwingine. Yaani mtu aliyesimama mahali pa mtu aliyesimama mahali pa mtu asiyekuwapo.

Sheria haina utata juu ya jambo hili. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inasema kwamba mtu asikaimu cheo kwa zaidi ya miezi sita. Wabunge waliopitisha kifungu hicho, wapende wasipende, walikuwa wakiilinda maana ya neno la Kiswahili.

Naandika haya nikiwa Timbwani, upande huu wa Likoni, ambako si rahisi kuzungumza juu ya riziki bila ya kuitaja bandari. Baba wa huyu ni kuli mstaafu, ndugu wa yule yuko kwenye winchi, na jirani anauza chai kwa wote wawili. Kwa hiyo habari ya nani anaiongoza Halmashauri ya Bandari nchini (KPA), na amefikaje pale, si habari ya matajiri na wanasheria peke yao. Hebu na tuifuate habari hiyo kwa miaka saba tu.

Februari 2016 Bw. Gichiri Ndua aliondolewa katika kiti cha Mkurugenzi Mkuu pamoja na maofisa kadhaa wakuu. Aliyetangaza habari hiyo hakuwa mwenyekiti wa bodi bali Waziri wa Uchukuzi. Akaingia Bi. Catherine Mturi-Wairi, kwanza kama kaimu na baadaye kwa ukamilifu, mwanamke wa kwanza kuiongoza bandari hiyo. Mei 2018 naye akapumzishwa, na kiti akapewa Dkt. Daniel Manduku, aliyetoka katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Dkt. Manduku alijiuzulu Machi 2020. Hapo ndipo ulipoanza msimu wa makaimu: Mhandisi Rashid Salim akakaimu hadi katikati ya 2021, kisha Bw. John Mwangemi akakaimu hadi 2023, alipoteuliwa Nahodha William Ruto, baharia mwenye jina moja na Rais wa nchi. Watu sita katika miaka saba. Na karibu miaka mitatu katika hiyo saba bandari kubwa kuliko zote katika Afrika Mashariki haikuwa na mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hapana kilichoharibika, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 2019, kabla ya makaimu, bandari ilipitisha takriban tani milioni 34.4 za shehena. Mwaka 2022, baada ya makaimu wawili na janga la korona, ilipitisha takriban milioni 33.9. Meli hazimsubiri mkurugenzi. Rubani hupanda, kamba hufungwa, kontena hushushwa, na kazi ya kutwa huendeshwa na watu wanaoijua, awepo bwana mkubwa asiwepo. Anayetaka kunithibitishia kwamba ukaimu uliididimiza bandari kwa tani hataweza, na mimi sitajaribu. Ni kweli kwamba mwaka 2024 shehena ilipanda hadi takriban tani milioni 41, lakini biashara ya meli ina sababu nyingi, na itakuwa ni uvivu wa fikra kumpa mtu mmoja sifa yote.

Hasara iko kwingine. Tazama mambo yaliyoamuliwa katika miaka hiyo mitatu. Agosti 2020 agizo la Rais liliweka bandari, reli na bomba la mafuta chini ya mwavuli mmoja. Mei 2021 gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa. Huduma ya feri ya Likoni, ambayo ilikuwa na shirika lake, ikatiwa mikononi mwa KPA. Septemba 2022, mara tu baada ya kuapishwa, Rais mpya akaagiza kwamba shughuli za kuitoa mizigo zirudishwe Mombasa. Hayo yote ni mambo ya kuamua mustakabali wa mji huu kwa kizazi kizima. Na katika kila moja, aliyeketi upande wa bandari alikuwa mtu ambaye angeweza kuambiwa kesho asubuhi arudi katika meza yake ya zamani. Sisemi kwamba waungwana hao wawili hawakuwa hodari. Nasema kwamba hata hodari, akiwa kaimu, ana sababu ya kupima mara mbili kabla ya kumwambia waziri 'hapana', na ana sababu nzuri zaidi ya kuliahirisha jambo ambalo matunda yake yataonekana baada ya miaka mitano.

Kununua feri ni jambo la namna hiyo. Wakaazi wa Likoni hawana haja ya kukumbushwa usiku na mchana wa tarehe 29 Aprili 1994, ilipopinduka feri ya Mtongwe na kuangamiza roho 272. Chombo cha kuvusha watu hupangwa, hutengewa fedha, huundwa na kufika kwa miaka. Mwenye kutia saini mwanzo wa safari hiyo yapasa awe na matumaini ya kuuona mwisho wake.

Sasa tuulize: uamuzi wa nani aongoze ni wa nani? Lugha yenyewe inatupa fununu. Magazeti yetu ya zamani yaliiita KPA 'Halmashauri ya Bandari', na hata leo jina hilo halijafa. Ndani ya halmashauri mna shauri: watu wameketi, wameulizana, wamekubaliana. Siku hizi wengi wanapendelea kusema 'Mamlaka ya Bandari'. Sidai kwamba waliobadilisha jina walikusudia jambo. Lugha hubadilika bila ya kikao. Lakini badiliko hilo limeeleza ukweli kuliko taarifa nyingi rasmi. Shauri limetoka, mamlaka yamebaki, nayo mamlaka hayako Mombasa.

Mwaka 2015 Serikali ilitoa kanuni za uongozi bora wa mashirika ya umma na kuziita Mwongozo. (Jina ni la Kiswahili, mwili wote ni wa Kiingereza, mwalimu wa lugha hawezi kulipita hilo kimya.) Kwa mujibu wa kanuni hizo, bodi ndiyo yenye kazi ya kumtafuta mtendaji mkuu, kumpima, na kupanga mapema nani atamfuata. Ni maneno mazuri. Lakini mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, wajumbe huteuliwa na Waziri, na kalamu iliyowaandika ndiyo iwezayo kuwafuta. Mjumbe wa bodi wa namna hiyo akikuta kiti cha mkurugenzi ki wazi, swali lake la kwanza si 'nani anafaa?' bali 'wakubwa wanasemaje?' Wakubwa wakiwa bado hawajasema, au wakiwa wawili na kila mmoja anasema lake, bodi hungoja. Na kungoja kwa bodi ndiko kunakoitwa kukaimisha. Ndiyo sababu naona kwamba kaimu wa muda mrefu si dalili ya ukosefu wa watu wanaofaa. Ni dalili kwamba shauri halikuketi, au liliketi likasubiri simu.

Katika kila zamu kiti kilipokuwa wazi, wanasiasa wetu walidai kipewe mwana wa Pwani. Naielewa hamu hiyo. Bandari iko kwetu na moshi wa malori tunauvuta sisi. Lakini mjadala wa 'mtoto wa nani' umetuchukua muda mrefu mno hata tukasahau kuuliza ameteuliwa na nani, kwa utaratibu gani, na kwa muda gani. Awe mwana wa Pwani au wa bara, kaimu ni kaimu.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni maradhi ya Serikali tu, na kwamba makampuni yanajua zaidi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Bw. Bob Collymore aliipokea Safaricom kutoka kwa Bw. Michael Joseph mwaka 2010. Oktoba 2017 alikwenda Uingereza kutibiwa, na mkuu wa fedha, Bw. Sateesh Kamath, akaongezewa majukumu hadi aliporudi Julai 2018. Tarehe 1 Julai 2019 Bw. Collymore alifariki. Siku iliyofuata bodi ikamtaja Bw. Joseph yuleyule kuwa kaimu. Tarehe 24 Oktoba ikamtangaza Bw. Peter Ndegwa, na tarehe 1 Aprili 2020 Bw. Ndegwa akaingia kazini, Mkenya wa kwanza katika kiti hicho. Kaimu wa Safaricom naye alikaa miezi tisa, lakini kuanzia Oktoba alikuwa na tarehe ya kuondoka inayojulikana na kila mtu. Huko ndiko kukaimu kwenyewe.

Hata hivyo tusiisifu bodi hiyo kupita kiasi. Ilijua tangu 2017 kwamba mkuu wake ni mgonjwa, na Mei 2019 ikamwongezea mkataba wa mwaka mmoja, huku magazeti yakiripoti kwamba Serikali, iliyokuwa na asilimia 35 ya hisa, ilimtaka Mkenya. Mauti yalipofika, ilibidi kumwita mtu aliyekwisha kustaafu, na aliyeteuliwa baadaye alitoka nje, katika kampuni ya Diageo. Kwamba kampuni yenye faida kubwa kuliko zote nchini haikuwa na mtu wa ndani aliyekwisha kuandaliwa ni jambo ambalo bodi nyingine ingeliona aibu.

Nadhani sehemu ya tatizo letu imo katika kitenzi. Vichwa vya habari husema fulani 'amrithi' fulani. Kurithi ni kwa maiti na kwa damu. Cheo si shamba la minazi. Na mji huu unajua gharama ya kukigeuza cheo urithi. Liwali Salim bin Ahmed wa ukoo wa Mazrui alipofariki mwaka 1835, jamaa zake waligombea kiti. Mizozo hiyo iliwagawanya wazee wa mji, baadhi yao wakamwelekea Seyyid Said wa Unguja, na mwaka 1837 Mombasa ikawa yake, baada ya kushindwa kuichukua kwa mizinga kwa miaka mingi. Mabaharia wana neno jema zaidi: zamu. Anayeshika usukani usiku anajua ni nani atakayeamshwa alfajiri, na huyo atakayeamshwa anajua pia, kabla ya kulala.

Kwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, mfano ulio karibu zaidi haumo bandarini. Januari 2020 Prof. Stephen Kiama aliteuliwa kuwa Makamu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hazikupita wiki mbili, Waziri wa Elimu wakati huo, marehemu Prof. George Magoha, akaufuta uteuzi huo, akalivunja baraza la chuo, na kaimu akatajwa. Mahakama ikalazimika kuingilia. Mwaka 2024 chuo hichohicho kilikuwa tena chini ya kaimu. Iwapo mahali palipojaa maprofesa wa sheria na wa usimamizi hapawezi kupokezana zamu bila ya hakimu, tusishangae ya Kilindini.

Katika shule zetu za sekondari mambo huwa madogo lakini sura ni ileile: naibu mwalimu mkuu anakaimu muhula baada ya muhula, bodi ya shule inakutana, inakunywa chai, inajadili karo na paa la bweni, na swali la nani ataongoza halimo katika ajenda kwa kuwa 'watatuletea kutoka Nairobi'. Ni kweli kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu ndiyo inayoteua. Lakini hapana sheria inayoizuia bodi kuandika barua ya kuuliza, na kuiandika tena baada ya mwezi.

Mkataba wa mkurugenzi huwa na tarehe ya mwisho tangu siku unapotiwa saini. Bodi inayotaka kufanya kazi yake haihitaji uaguzi ila kalenda. Kumbukumbu za vikao vya bodi ya KPA za kuanzia 2016 hadi 2023 hapana shaka zimo katika makabati ya bandari. Ningependa mwanafunzi mmoja wa uzamili aombe ruhusa ya kuzisoma, atuambie ni katika kikao kipi, kama kipo, ambapo mtu aliuliza nani anafuata kabla kiti hakijawa wazi.