Kiti cha neema hakina mlinzi mlangoni



Juma hili nilikuwa nimepanga kuandika juu ya watoto na masomo, lakini baada ya mkutano wa Alhamisi wamama watatu waliniuliza jambo moja, kila mmoja kwa siri yake, nikaona afadhali nijibu hapa. Swali ni hili: mtu aliyeacha kuomba kwa muda mrefu anaanza vipi tena? Mmoja wao aliniuliza kwa ajili ya jirani yake. Nilimwelewa. Hata mimi niliwahi kuwa na jirani wa namna hiyo.

Nitajibu kwa habari iliyonipata mimi mwenyewe, wala si habari ya kunisifu.

Wengi mnajua kwamba kwa miaka mingi ndimi niliyekuwa kesiye wa kikundi chetu hapa Bukavu. Kila Alhamisi, kabla ya kusoma Neno, nilifungua daftari nikasoma kwa sauti majina ya waliolipa likelemba, kisha majina ya ambao hawajalipa. Niliona huo ndio uaminifu. Feza ya watu ni moto, na kesiye asiyesoma daftari mbele ya wote haichukui muda kabla hajaanza kunong'onezwa. Majina ya waliochelewa niliyasoma mara mbili, ili yasikike vizuri.

Kati yetu palikuwa na mama mmoja mchuuzi wa sambaza. Jina lake silitaji, ila yeye mwenyewe amekubali habari yake iandikwe. Alikuwa mtu wa mbele katika maombi. Mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wengi wa Goma wakavuka ziwa kuja huku, alipokea watu tisa katika nyumba ya vyumba viwili. Aliwapikia bugali na sombe kwa feza ya mtaji wake. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo, na hakuja kutuhesabia alichotumia.

Basi baadaye likafika juma ambalo jina lake lilisomwa mara mbili. Aliinama tu. Juma lililofuata akasema mwezi ni mweupe na sambaza hazipatikani, nasi tukakubali, kwa maana kila mtu wa ziwa hili anajua kwamba wanaovua kwa taa hawapati kitu cha maana usiku wa mbalamwezi. Juma la tatu hakuja. La nne hakuja. Mmoja akasema, "Huyu amepoa." Tukaitikia. Neno hilo, amepoa, tunalitoa upesi mno katika makanisa yetu.

Ilipita miezi miwili kabla sijapanda kwenda kwake, kule juu Kadutu. Na nisiwadanganye: nilikwenda kwa sababu ya deni. Zamu ya mwenzetu mwingine kupokea likelemba ilikuwa imefika, na sanduku lilikuwa pungufu.

Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage. Alinipa kigoda, yeye akabaki chini. Ndipo nikasikia ambayo sikuyajua. Mtoto wake wa tatu aliugua sana akalazwa. Alipopona, hawakuruhusiwa kutoka hospitalini mpaka deni liishe, wakakaa huko majuma mawili zaidi, mtoto mzima anacheza kati ya vitanda vya wagonjwa. Mama akauza mabeseni yake ya sambaza. Akauza vikwembe vyake vyote, akabaki na kile alichovaa. Hayo yote yalitendeka wakati sisi tunasema amepoa.

Nikamwuliza, kwa nini hukutuambia tuombe pamoja?

Akasema, "Mama kesiye, nilisikia haya. Nikija mtasoma jina langu. Na Mungu naye nilimwahidi, mtoto akipona nitaleta toleo la shukrani. Mtoto amepona, mimi sina kitu. Nitaenda kumwambia nini? Hata hapa nyumbani siombi tena. Ngoja nipate kwanza."

Nilikuwa na jibu tayari, jibu la mtu aliyezoea kufundisha, lakini halikutoka. Niliona kwamba daftari langu limemfundisha jambo ambalo sikukusudia kulifundisha: kwamba Mungu naye ana daftari kama langu, na majina ya waliochelewa anayasoma mara mbili.

Wakati ule tulikuwa tukisoma barua kwa Waebrania. Mwandishi wa barua ile hakuandika jina lake, lakini hali ya watu anaowaandikia inaonekana wazi katika sura ya 10. Walikuwa wametukanwa mbele ya watu. Walikuwa wamenyang'anywa mali. Walisimama pamoja na wafungwa. Yote hayo waliyavumilia, na sasa walikuwa wamechoka, wengine wakaanza desturi ya kutokuja mkutanoni. Hapa Kivu hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya kunyang'anywa mali. Wako kati yetu waliofika mjini na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani.

Na mwandishi anawaambia nini watu hao waliochoka? Hawaulizi deni. Anawakumbusha siku zao za kwanza, jinsi walivyostahimili na kusaidia wengine. Anawaambia wakaribie, wasiutupe ujasiri wao.

Neno hilo ujasiri linatudanganya kidogo, tunadhani ni moyo wa simba. Neno la Kigiriki lililoko pale ni parresia, na kwa Wagiriki lilikuwa jina la haki ya raia kusimama katika mkutano wa mji na kusema yote waziwazi. Mtu anaweza kuwa na haki hiyo na magoti yake yanatetemeka.

Fikirini jinsi tunavyokwenda kumwona mkubwa bironi. Kwanza tunaazima kikwembe kizuri. Pili tunatafuta mtu wa kutujulisha. Mlangoni santineli anatazama viatu kama vina tope, anauliza kama una ahadi naye, halafu ananyamaza hivi, na wote tunajua anangoja nini. Ukiingia, unasema nusu ya shida yako, ile nusu nzuri, na nusu nyingine unarudi nayo nyumbani.

Hekalu la Yerusalemu la wakati wa Yesu nalo lilikuwa na mipaka yake. Watu wa mataifa waliishia ua wa nje. Wanawake wa Israeli waliishia ua ulioitwa Ua wa Wanawake. Wanaume walisogea mbele kidogo, makuhani mbele zaidi, na nyuma ya pazia, Patakatifu pa Patakatifu, aliingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka, na damu ya sadaka mkononi. Someni Mambo ya Walawi 16. Kwa hiyo mama wa wakati ule, hata angekuwa mtakatifu namna gani, alibaki mbali na pazia maisha yake yote. Injili ya Matayo inasimulia kwamba Yesu alipokufa, pazia lile lilipasuka toka juu hata chini. Mwandishi wa Waebrania anaposema tuna njia ya kuingia, anasema juu ya pazia hilo. Mlango haukufunguliwa kwa wanaume tu, na santineli hayupo.

Halafu angalieni sura ya 4, mstari wa 16. Nimeusoma mara nyingi nikapita juu yake. Unatuita kwenye kiti cha neema ili tupate msaada wakati wa kuhitaji. Wakati wa kuhitaji ni wakati huna. Ukingoja upate kwanza, umengoja mpaka wakati wenyewe upite.

Nilimkumbusha yule mama habari ya mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12. Huyo naye alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa najisi, hakupaswa kugusa mtu. Alikuja kwa nyuma, akajificha katika watu wengi. Yesu alipouliza nani amemgusa, akaja anatetemeka, akaanguka mbele yake, akamwambia kweli yote. Hakuficha nusu. Na Yesu akamwita binti. Mimi naona ujasiri wa Waebrania uko pale, katika mtu anayetetemeka na kusema yote.

Niseme hapa neno ambalo halitawapendeza wote. Siku hizi yako mahubiri yanayofundisha ujasiri wa namna nyingine: umwamuru Mungu, umpangie siku, upande mbegu ya dola kadhaa ili jibu lije upesi. Wamama maskini ndio wanaotoa zaidi. Mimi siamini hivyo. Mafundisho yale yanamrudisha santineli mlangoni na mkono wake wazi.

Lakini pia nisifiche kwamba sura hiyo hiyo ya 10 ina maneno makali, kuanzia mstari wa 26, juu ya mtu anayefanya dhambi kwa kusudi baada ya kuijua kweli. Mmoja wa wamama wale watatu aliniuliza akilia kama kutoomba miezi sita ndiyo dhambi ile. Ninavyosoma, pale anasemwa mtu anayemkanyaga Mwana wa Mungu na kudharau damu yake. Mama anayeona haya hamkanyagi mtu. Ila mtu mwenye hofu hiyo asikae nayo peke yake usiku, aende amwone mchungaji au padri wake, au mmoja wetu.

Narudi Kadutu. Nilimwomba yule mama aombe. Akakataa. Tukakaa kimya, tukachambua maharage pamoja, mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati hata tusingesikilizana. Ilipopungua nikamsikia anasema polepole, bila kufumba macho, "Mungu, sina kitu." Akarudia. Kisha akanyamaza tena, na baadaye akasema, "Asante kwa mtoto." Hapo akalia.

Toleo lake la shukrani lilikuwa limetolewa, ingawa yeye hakulihesabu hivyo.

Basi kwa yule jirani anayeulizwa habari zake, nadhani huo ni mwanzo unaotosha. Asitafute maneno marefu. Nehemia alisimama mbele ya mfalme na kikombe cha divai, akaomba katikati ya swali na jibu, sala fupi isiyosikika na mtu. Nawe unaweza kuomba ukigeuza sambaza juani, ukipanda Kadutu na mzigo, ukinyonyesha saa nane za usiku. Sema jambo moja la kweli. Kama la kweli ni kwamba umekasirika na Mungu, sema hilo. Zaburi zimejaa watu waliomwambia hivyo. Kesho sema lingine. Na usijipe adhabu ya kuanza na saga za juma zima. Wengi wameanza hivyo, siku ya pili wakachoka wakarudi kule kule walikotoka.

Na juu ya daftari. Nilirudi nikawaeleza wamama yote niliyoyaona, na nikaomba msamaha, kwanza kwa yeye, kisha mbele ya wote. Hatusomi tena majina. Kila mtu anaona ukurasa wake, na wamama watatu waliochaguliwa wanaona daftari lote. Wako waliosema tutaharibu nidhamu, na sitawaficha, mwezi wa kwanza waliochelewa waliongezeka. Tulizungumza na kila mmoja nyumbani kwake. Kazi imekuwa kubwa kuliko kusoma orodha, na miguu yangu si ya zamani.

Deni la likelemba lilibaki kuwa deni, mtu asielewe vibaya. Zamu ya mwenzetu tuliijaza kwa mfuko wa msaada, na mama wa sambaza analipa mfuko huo kidogo kidogo, juma lingine franka chache, juma lingine hakuna. Alianza tena na beseni moja la kuazima. Hakurudi mkutanoni Alhamisi ile niliyomtazamia, wala iliyofuata. Alikuja ya tatu, kwa kuchelewa, na kikwembe kile kile, akaketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Mama mmoja alisogea akampa nafasi bila kugeuka kumtazama, na ninamshukuru mama huyo mpaka leo.

Alhamisi hii tunaanza saa tisa za mchana. Tutasoma Waebrania 10, kuanzia mstari wa 19. Mwenye Biblia aje nayo, asiye nayo atasoma pamoja na jirani yake. Mchango wa likelemba utapokelewa baada ya maombi, katika chumba cha nyuma, mmoja mmoja. Anayekuja baada ya muda mrefu, benchi lile karibu na mlango tunaliacha wazi.