Histoni si kamba ya kufungia mizigo

Kuna hadithi moja inanikera, na wanaoisambaza zaidi ni sisi watengenezaji wa programu. Eti DNA ni msimbo, bakteria ni toleo la kwanza, nasi ni toleo la pili lililoandikwa upya. Na kwa kuwa msimbo wetu ni mrefu, ikabidi zibuniwe histoni, zile protini ambazo DNA huzizunguka kama uzi kwenye kijiti, ili itoshe ndani ya seli. Hata mimi niliwahi kuisimulia. Ni tamu, lakini si kweli.

Hadithi hiyo inawasahau arkea, viumbe vya seli moja visivyo na kiini, ambao Carl Woese na George Fox waliwatenga na bakteria mwaka wa 1977. Mmoja wao alipatikana hapa kwetu, Ziwa Magadi. Mwaka wa 1984 alipewa jina Natronobacterium magadii. Leo anaitwa Natrialba magadii. Jina la kwanza lilisema bakteria, lakini arkea hunakili jeni kwa mitambo ya ukoo wetu. Huanza na protini za TBP na TFB, ndugu wa TBP na TFIIB zetu. Bakteria hutumia sigma, kitu kingine kabisa.

Sasa tuje kwa histoni. Methanothermus fervidus, arkea wa chemchemi za moto za Iceland, ana DNA isiyofika herufi milioni 1.3. Yetu ni kama bilioni 3. Lakini histoni anazo, na mwaka wa 2017 ilionyeshwa kwamba DNA huzizunguka histoni zake kwa mkunjo kama wa kwetu. Mzigo mkubwa uko wapi hapo? Kinyume chake, kuna dinoflajeleti wenye DNA nyingi kuliko binadamu mara kadhaa, na hawategemei histoni kuifungasha. Kwa hiyo urefu peke yake hauelezi kitu.

Sikatai kwamba tuliongeza mambo. Histoni zetu hukaa 8 pamoja, zikizungukwa na herufi kama 147, na zina mikia inayobandikwa alama za kemikali zinazosaidia kuamua jeni ipi isomwe. Arkea wengi hawana mikia hiyo.

Jamani, kazi hiyo tunaijua! Ni maktaba ya zamani iliyoongezewa ruhusa za kusoma faili. Nani kati yetu hurithi mfumo unaofanya kazi, kisha akajisifu ameuandika upya?