Biochari ipitie kwanza kwenye mboji

Mkulima wa Walungu au Kabare akisikia kwamba makala yanaponya udongo, anaweza kukusanya vumbi la makala sokoni na kulimwaga shambani. Ndugu wakulima, tungoje kidogo.

Biochari ni makala ya mabaki ya mimea, yanayopikwa kwa ajili ya udongo. Yana vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, vinavyoshika maji na hewa, na humo bakteria na kuvu hupata makao. Lakini nyumba si chakula. Biochari ikiingia shambani tupu, inaweza kunasa nitrojeni ya udongo, na mimea ikageuka manjano msimu wa kwanza.

Ndiyo maana nasema ipitie kwenye mboji. Ile harufu kali ya samadi ni amonia, yaani nitrojeni inayopotea hewani. Biochari huzuia sehemu yake. Tena hufanya lundo lisishikamane: hewa inapita, vijidudu wanafanya kazi haraka, joto linapanda. Beseni moja kwa mabeseni tisa ya majani na samadi inatosha. Mboji ikiiva, unapeleka shambani nyumba yenye wenyeji na akiba.

Kwetu jambo hili lina uzito, kwa sababu udongo mwingi wa Walungu ni mchachu. Bakteria wanaolisha maharagi nitrojeni kwenye mizizi hawapendi uchachu, na biochari husaidia kuupunguza.

Hatari iko kwenye miti. Tayari inakatwa Kahuzi-Biega na Virunga kwa ajili ya makala ya jikoni. Biochari ikiwa sababu nyingine ya kukata, tutaponya shamba na kuua mlima. Tuna magunzi ya mahindi, mabua ya mtama na maganda ya kahawa tunayochoma bure. Chimba shimo, washa moto, ongeza mabaki kidogo kidogo juu yake, kisha zima kwa maji kabla hayajawa majivu.

Watafiti wa INERA pale Mulungu, pamoja na mashirika yanayofundisha kilimo, waweke mashamba ya mfano vijijini: kipande cha mboji peke yake, na kando yake kipande cha mboji yenye biochari. Siku ya mavuno, mkulima apime maharagi kwa kikapo chake mwenyewe. Hapo ataamini kuliko kwa karatasi za semina.