Mwacha asili ni mtumwa: na aliyeificha nusu yake je?

MZANZIBARI akiingia kwenye maziko au harusi ya wenzake, iwe Muscat, London au Toronto, swali la kwanza analoulizwa na wazee ni moja: "Wewe mtoto wa nani?" Akishalijibu hilo, huja la pili: "Huyo wa kwa nani?" Vijana wetu waliozaliwa huku wanalijibu la kwanza. Likija la pili, wengi humtizama baba yao awasaidie, na siku hizi hata baba mwenyewe huanza kukuna kichwa.

Hili si jambo la mchezo. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi usiku wa Mapinduzi ya Januari 12, 1964, leo ameshavuka sabini. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule ni nadra kumkuta hai. Wazee hao ndio waliowaona kwa macho yao mabibi na mababu waliozaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila tunapomzika mmoja, tunazika pamoja naye majina ambayo hayakuandikwa popote.

Kwa hivyo nasaha yangu ya kwanza ni nyepesi: anza na mzee, karatasi baadaye. Wengi hukimbilia kwenye kompyuta wakajisajili kwenye mitandao ya nasaba, wakaandika majina matatu, wakakwama. Karatasi zitangoja, mzee hatangoja. Mpigie simu, mwombe ruhusa ya kumrikodi, taja tarehe na jina lake mwanzoni mwa mazungumzo, kisha mwache aseme.

Usimuulize mzee, "Bibi yako alizaliwa mwaka gani?" Hajui, na ukimbana atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Wazee wetu walihesabu kwa matukio. Muulize kama harusi ile ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Ng'ombe, nawe utajua kuwa ni kabla au baada ya 1951. Muulize kama marehemu aliuona uchaguzi wa Juni 1961. Mapinduzi yenyewe yaliingia siku chache kabla ya Ramadhani, na mzee aliyesahau tarehe hasahau alifungia wapi mwezi ule. Na ukikuta hati yenye mwaka wa Kiislamu, kumbuka kwamba mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa Kizungu, kwa hivyo usihesabu umri wa mtu kwa kuchanganya miaka ya aina mbili. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na jina la aliyesema. Usiwe kadhi.

Baada ya hapo fungua makasha. Katika nyumba zetu huku ugenini zimo hati za ndoa na talaka, hati za mashamba ya mikarafuu, karatasi za mirathi, pasi za kusafiria, picha zilizoandikwa nyuma. Zipige picha zote, mbele na nyuma, kabla mtu hajazitupa wakati wa kuhama nyumba.

Ndipo uende kwenye hifadhi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizopo Kilimani zina maandiko ya Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza na hata Kijerumani. Walio Uingereza wanayo hifadhi ya taifa pale Kew, London, na ni vyema wajue kwamba Zanzibar ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje mpaka 1913, kisha ikahamishiwa Wizara ya Makoloni. Anayetafuta karatasi za 1905 kwenye mafaili ya Makoloni atatoka mikono mitupu. Pale Kew pia zimo orodha za abiria wa meli walioingia Uingereza kutoka nje ya Ulaya, kuanzia 1878 mpaka 1960, na baadhi ya wazee wetu waliokuja kusoma wamo humo. Oman nayo ina mamlaka ya nyaraka na kumbukumbu za taifa, iliyoanzishwa 2007, ambayo hupokea pia hati za watu binafsi.

Lakini karatasi nayo ina ulimi. Katika sensa ya 1924 maelfu ya watu wa Unguja na Pemba waliandikwa kuwa ni Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931, idadi hiyo ilikuwa imeporomoka. Watu hawakufa wala hawakuhama. Walijiita jina jengine, kwa sababu jina lilikuwa na faida na hasara zake mbele ya serikali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata kabila la mtu. Na baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowakaribisha Waomani wa Afrika Mashariki warudi, ilibidi mtu aoneshe asili yake ya Omani. Unapoona kabila limeandikwa kwenye hati, jiulize kwanza: aliyeandika alikuwa anaomba nini?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Nimeoneshwa shajara nyingi za ukoo hapa ugenini. Zimechapwa vizuri, zimetiwa kwenye fremu, zimetundikwa barazani. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka Nizwa, mpaka Hadhramaut, mpaka Shiraz. Ukizitizama vizuri utaona zina kasoro moja: hazina akina mama. Wanaume kumi na mbili wamefuatana kama kwamba walizaana wenyewe kwa wenyewe.

Mama hakusahauliwa kwa bahati mbaya. Mara nyingi aliachwa kwa sababu alikuwa Mnyasa, au Mzaramo, au Mmanyema, aliyeingia nyumba ile akiwa mjakazi au suria. Tunajua sote, na tunanyamaza sote. Kisha tunawaambia watoto wetu, bila haya, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Jamani! Sisi ndio tulioiacha asili, tena kwa kuuogopa utumwa wa bibi zetu.

Na aibu ya nini? Mtoto wa suria kwa sheria alizaliwa huru na akarithi sawa na ndugu zake. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, watoto wa Seyyid Said waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwengine, wote walizaliwa na masuria. Ikiwa kiti cha enzi hakikuwaonea haya mama zao, sisi akina nani? Tena utumwa si hadithi ya kale. Amri ya kuufuta Unguja na Pemba ilitolewa 1897, na masuria hawakuingizwa humo mpaka 1909. Huko ni nyuma kwa vizazi vitatu au vinne tu. Huyo ni mama wa bibi yako.

Alama zake zipo kwa anayetaka kuziona. Mwaka 1860 Balozi Rigby wa Uingereza aliwaandikia uhuru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi wa Unguja, na majina yao yaliorodheshwa. Wapo waliotajwa kwenye wasia na hati za wakfu za mabwana wao. Na wapo ambao hawamo ila katika kinywa cha mzee mmoja anayesema, "Bibi alikuwa akiimba kwa lugha tusiyoijua." Sentensi hiyo iandike. Inaweza kuwa ndiyo hati pekee aliyoiacha.

Wapo watakaosema ninafukua makaburi. Nawaelewa. Sitara ni katika adabu zetu, na siri ya mtu aliye hai si yako kuitangaza. Kama mzee amekuomba jambo lisitoke nje, lisitoke. Lakini kumsitiri mtu ni kitu kimoja, na kumfuta ni kitu chengine. Wala kipimo cha DNA hakitatuokoa. Kitakwambia kwamba sehemu ya damu yako inatoka Afrika ya Mashariki au Bara Arabu, lakini hakitakwambia kwamba aliitwa nani.

Mimi ni katika wale ambao kalamu iliwatoa nchini, na kaburi la bibi yangu sijui lini nitalitembelea. Najua jinsi asili inavyogeuzwa kuwa rungu. Kwa miaka mingi siasa zetu zimeishi kwa maneno mawili: huyu "Mmanga arudi kwao" na yule "wa kuja kutoka bara". Anayeyatamka hajawahi kuuandika ukoo wake kwa pande zote nne, wa babu wawili na bibi wawili. Angeuandika, angemkuta anayemtukana amekaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena kichwani pa meza.

Kwa hivyo chukua karatasi. Andika majina ya babu zako wawili na bibi zako wawili, kisha ya wazazi wao wanane. Pale usipojua, usiruke wala usijaze kwa kubuni. Acha nafasi wazi na uandike "hajulikani". Utaona kwamba nafasi nyingi zilizo wazi ni za wanawake. Anzia hapo, na mpigie simu mzee wako kabla ya Ijumaa.