Mjadala wa Ouko uongozwe hivi
Ukitaka kuupima uwezo wa mwongoza mjadala popote pale, mpe kesi ya Robert Ouko. Waziri huyo wa mambo ya nje wa Kenya alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990. Mwili ukapatikana umeungua, una jeraha la risasi. Polisi walidokeza kuwa alijiua. John Troon wa Scotland Yard akasema aliuawa. Tume ya Jaji Gicheru ilivunjwa na Rais Moi mwaka 1991 kabla haijamaliza kazi. Ikaja kamati ya Bunge ya Gor Sungu. Mwaka 2010 Bunge likaikataa ripoti yake.

Basi swali la kwanza lisiwe nani aliua. Liwe: kila uchunguzi uliruhusiwa kumhoji nani, na nani aliuzima? Kuupa kila uchunguzi dakika sawa, eti kwa kuwa kila mmoja una muhuri wa serikali, ni uvivu uliovishwa kanzu ya haki. Jonah Anguka alishtakiwa kwa mauaji hayo na mahakama ikamwachia huru mwaka 1994. Atakayemwita muuaji jukwaani anyang'anywe kipaza sauti papo hapo, hata kama ukumbi unampigia makofi.