Tamko la Wavuvi na Wachuuzi wa Samaki wa Wagenia Kuhusu Baraza la Komini

Sisi wavuvi, wapiga makasia, akina mama wachuuzi wa samaki na vijana wanaowatembeza wageni kwenye maporomoko ya Wagenia, tukiwa katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wakaaji wa komini ya Kisangani, kwa ndugu zetu wa Lubunga ng'ambo ya mto, kwa serikali ya jimbo la Tshopo na kwa Tume ya Uchaguzi, CENI.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulipanga mistari kupiga kura nne kwa siku moja: ya rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa jimbo na ya mshauri wa komini. Hiyo ya nne ilikuwa ya kwanza tangu Katiba ya Kongo ya 2006, na kwetu ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote. Mshauri wa komini anakaa kartie moja, yaani mtaa mmoja, nasi. Mtaro ukiziba, unaziba mbele ya mlango wake pia.

Hatukuwachagua washauri wetu ili wapate cheo tu. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inawapa kazi inayojulikana: kupitisha bajeti ya komini, kushughulikia barabara za ndani, mitaro, masoko na usafi, na kuwachagua bugumestre, yaani mkuu wa komini, pamoja na msaidizi wake. Tena wao ndio wanaowachagua washauri wa mji, ambao nao wanamchagua meya. Kura yetu moja ilikuwa ipande ngazi hiyo yote. Mwaka 2024 ukapita ngazi ya juu haijafikiwa, na washauri wa komini katika miji mbalimbali ya nchi wakalia hadharani kwamba hawalipwi. Aliyechaguliwa akikosa mshahara na ofisi, na anayetakiwa kuwajibika kwake akiendelea kuteuliwa kutoka Kinshasa, mpiga kura amenyang'anywa kura yake baada ya kuhesabiwa.

Kuamuliwa mambo yetu na watu wa mbali si jambo geni kwenye mawe haya. Mwezi Februari 1887, huko Zanzibar, mfanyabiashara Tippu Tip alitia sahihi mkataba na mvumbuzi Stanley, naye akawa gavana wa maporomoko haya kwa jina la mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mababu zetu, ambao mitumbwi yao ndiyo iliyokuwa njia ya eneo hili, hawakuulizwa neno. Wakoloni walifuata, nao hawakuuliza. Katiba ya 2006 ndiyo iliyosema kwamba komini ni chombo chenye utu wake wa kisheria, kinachojiendesha kupitia wale waliochaguliwa na wakaaji. Tunalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Wako wanaosema kwamba watu wa chini hawajazoea kujitawala. Waje Wagenia wakati maji yanaposhuka. Watawaona wanaume wakisimamisha magogo katika matundu ya mwamba, juu ya maji yanayonguruma, wakiyafunga kwa kamba za msituni hadi yabebe uzito wa watu, kisha wakishusha migono mikubwa mdomo ukielekea mkondo. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kila mahali pa kutegea pana ukoo wake, na ugomvi ukizuka wazee wanauamua mbele ya watu, kila upande ukisikilizwa. Jamii iliyogawana mto wenye nguvu namna hii kwa vizazi na vizazi haishindwi kusimamia bajeti ya mitaro.

Fedha nazo zina sheria yake. Komini na vyombo vingine vya chini vinastahili asilimia 40 ya sehemu ambayo jimbo linapata katika mapato ya taifa. Mama anayeuza samaki analipa ushuru kabla hajauza hata samaki mmoja, lakini hakuna anayemweleza ushuru huo umefanya nini. Baraza linalokaa na kufanya kazi ndilo mahali pa kuuliza swali hilo na kudai jibu lililoandikwa.

Tunawakumbusha viongozi pia yaliyotokea ng'ambo ya mto. Ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola, uliolipuka mwaka 2023, umeua watu, umechoma nyumba na kuwafukuza maelfu kwao. Wengi walikimbilia Lubunga na sehemu nyingine za mji. Hatudai kwamba baraza la komini peke yake lingeuzuia. Tunachosema ni kwamba ugomvi wa mipaka ya mashamba unahitaji meza ya karibu, yenye watu wanaoaminiwa na pande zote, kabla panga halijachomolewa.

Kwa hiyo tunaitaka CENI itangaze tarehe ya kuwachagua washauri wa mji, mabugumestre na meya, na isiirudishe nyuma. Tunaitaka serikali iwalipe washauri, kwa sababu mshauri mwenye njaa ananunulika upesi. Jimbo nalo liikabidhi komini haki yake ya fedha na kutangaza kiasi chake, kwa Kiswahili na Lingala, ukutani mwa ofisi ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Nanyi washauri tuliowapa kura, hatukubali mshahara uliochelewa uwe sababu ya kunyamaza. Fungueni vikao vyenu kwa wananchi. Njooni kartie kwa kartie mtueleze mliyoomba, mliyokataliwa na aliyewakatalia. Wasikilizeni akina mama wa samaki kabla ya kupanga ushuru mpya, na wavuvi kabla ya kumpa mtu yeyote kibali cha kujenga kando ya maporomoko. Tutahudhuria vikao hivyo, tutaandika ahadi zenu, na tutazisoma tena mbele yenu siku mtakaporudi kuomba kura.

Limetolewa Wagenia, komini ya Kisangani, kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanachama.