Mtu Avuke na Haki Yake



Sisi wa Tiira tumeuzoea mpaka. Asubuhi wengine wetu wanashuka Busia kufanya biashara upande wa Kenya, na jioni wamesharudi. Vijana wa Kenya wanakuja huku kutafuta riziki kwenye mashimo ya dhahabu, na wa kwetu wanakwenda kule kutafuta vibarua. Hata neno boda boda, ambalo sasa linasikika mbali sana, lilizaliwa huku mpakani, siku za baiskeli zilizobeba abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine.

Lakini kuna jambo linatushangaza. Mtu akivuka na gunia la mahindi, njia inapatikana. Akivuka na cheti cha shule, anasimamishwa.

Jirani zetu hapa ni Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha mashine za kilimo. Ng'ambo, katika Busia ya Kenya, kuna Chuo Kikuu cha Alupe, kilicholelewa na Chuo Kikuu cha Moi mpaka kikapewa hati yake mwaka 2022. Vyuo viwili vya serikali, na katikati yake mpaka tu. Mtu angedhani mtoto wa mfanyakazi anachagua chuo kama mama yake anavyochagua soko. Sivyo ilivyo.

Kijana wa mwenzetu mmoja alifanya mtihani wa kidato cha nne huko Kenya, kwa mjomba wake, akafaulu vizuri. Alipotafuta nafasi ya chuo upande huu, chuo ambacho hatukitaji, aliambiwa cheti chake kilinganishwe kwanza. Sababu inaeleweka. Uganda ina miaka miwili zaidi ya sekondari kabla ya chuo kikuu, na Kenya iliacha kidato cha sita, mtihani wa mwisho ukiwa wa mwaka 1989. Basi kijana akazunguka na karatasi. Nauli ikaliwa, ada ikalipwa, akaambiwa rudi wiki ijayo. Jibu lilipofika, wenzake walikuwa wamekwisha kufungua muhula. Halafu akaonyeshwa karo ya mgeni. Leo kijana huyo anaendesha boda boda, na cheti kiko ndani ya sanduku la mama yake.

Wako watakaosema: ninyi wa darasa la saba, mambo ya vyuo vikuu yanawahusu nini? Twajibu. Chuo kikuu ni mahali pa kazi. Wapishi, walinzi, madereva, wafagiaji, makarani na wasaidizi wa maabara ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Na watoto wanaonyimwa nafasi ni watoto wetu.

Tena jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uinjinia Nairobi, aliyetaka sheria Dar es Salaam. Hakuna nchi iliyolazimika kujenga kila kitu peke yake. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa, na kila serikali ikabaki na chake.

Mwaka uliofuata Amin alitwaa madaraka Uganda. Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Walimu wengi walikimbia, na shule nyingi za Kenya zilifundishwa na Waganda hao kwa miaka. Watu walivuka, ndiyo, lakini haukuwa mpango. Zilikuwa mbio za kuokoa roho, na mtu anayekimbia hana nguvu ya kudai mshahara wa haki.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa. Sisi wa upande wa Tororo, mahali reli inapopita, hatuwezi kuusahau mwaka huo. Wafanyakazi wa reli, posta na bandari walikuwa wamehamishwa huku na huko kwa amri ya Jumuiya, wakakuta mwajiri wao hayupo tena. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, baada ya upatanishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, na kila serikali ikapewa mzigo wa kulipa pensheni za watu wake. Huko Tanzania wazee wa Jumuiya walikuwa bado wanadai mpaka miaka ya 2000. Wengi walikwenda kaburini na madai yao mfukoni.

Hilo ndilo somo letu. Mtu alihamishwa, haki yake haikuhamishwa.

Sasa Jumuiya imerudi. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na leo nchi wanachama ni 8. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi Julai 2010. Ibara yake ya 10 inampa mfanyakazi ruhusa ya kutafuta kazi katika nchi nyingine, na ibara ya 11 inazitaka serikali zikubaliane kuhusu vyeti. Tangu mwaka 2014 Mganda, Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa tu. Mwaka 2017 wakuu wa nchi, wakiwa Dar es Salaam, walitangaza eneo moja la elimu ya juu kwa Afrika ya Mashariki, na kazi hiyo iko mikononi mwa Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala. Karatasi ni nzuri. Hatuzipingi. Lakini karatasi haijafika kwa karani wa dirishani.

Wala haijafika kwa mpishi. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo, alipika miaka 11 katika chuo kimoja ng'ambo, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alipoachishwa alikuja kuuliza akiba yake huku nyumbani. Aliambiwa hesabu za kule ni za kule. Mfuko huku unaitwa NSSF na kule unaitwa NSSF. Jina ni moja, lakini vitabu havijuani.

Na walimu wa vyuo nao wasijidhani wamepona. Wapo wanaofundisha vipindi huku na kule, wakilipwa kwa saa, bila likizo wala matibabu. Mwajiri wa huku akiambiwa aongeze, anasema nitaleta wa kule. Wa kule naye anasema vivyo hivyo. Hivyo mpaka unatumiwa kuteremsha mshahara wa pande zote mbili.

Wako pia wasemao kwamba kodi ya Mganda isisomeshe Mkenya, wala ya Mkenya isisomeshe Mganda. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana kodi ni jasho letu. Twajibu hivi: wabadilishane nafasi kwa hesabu. Busitema ipokee vijana kadhaa wa Kenya kwa karo ya mwenyeji, Alupe ipokee idadi hiyo hiyo ya wa Uganda. Hakuna atakayepunjwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, dirisha la vyeti liwekwe katika Kituo cha Pamoja cha Mpakani hapa Busia. Tangu kituo hicho kifunguliwe rasmi mwaka 2018, maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Kama shehena ya lori inaweza kukaguliwa mara moja kwa niaba ya serikali mbili, cheti cha mtoto kinashindikana nini? Pili, karo moja kwa watoto wa Jumuiya. Tatu, yeyote anayeajiriwa na chuo ng'ambo ya mpaka, awe profesa au mfagiaji, apewe mkataba ulioandikwa, mshahara sawa kwa kazi sawa, na akiba inayomfuata arudipo kwao.

Nasi tuna la kufanya. Vyama vya vyuo vya pande mbili vikutane, hata chini ya mwembe, vionyeshane mikataba. Kila tawi liandike majina ya wanachama wanaofanya kazi ng'ambo, pamoja na miaka yao ya kazi. Wazee wa 1977 walihangaika zaidi kwa kukosa kumbukumbu mikononi mwao. Sisi tuanze kuandika sasa, kabla hatujazeeka.

Umoja ni nguvu.